Kila Jembe na Hotuba Yake

Ukitoka soko la Karatu ukafuata lami inayopanda kwenda geti la Ngorongoro, kabla hujaumaliza mji utaliona duka la misumari, mabati na majembe, na mbele ya duka siti ya nyuma ya Landrova iliyokufa siku nyingi. Siti hiyo ndiyo kijiwe. Watatu wakibanana wanakaa, wa nne anakalia mfuko wa saruji ulioganda. Magari ya watalii hupita mbele yake tangu alfajiri yakiwaachia waliokaa vumbi na tabasamu, nao waliokaa hupunga mkono mmoja bila kukatisha ubishi. Kahawa ni ya Antonia, mjane mwenye birika jeusi na ulimi usio na breki. Mwenye kijiwe ni Silvanus, mwenye duka, Mchaga wa Rombo, ambaye wenzake wanamwita Kipengele kwa kuwa hakuna jambo chini ya jua, liwe ndoa, liwe mbolea, liwe mbwa wa jirani, asilolitafutia kipengele cha sheria. Namba ya kipengele hajawahi kuitaja.

Asubuhi hiyo ya Novemba, mwaka 2009, ukame ulikuwa umeshamaliza ng'ombe wa watu na mvua ndiyo kwanza imeanza kunyesha kwa kusitasita. Kipengele alikuwa na furaha mbili. Ya kwanza, majembe yalikuwa yanatoka. Ya pili, jana yake lilipita gari la matangazo likisema Ijumaa, ukumbi wa parokia, kuna semina ya elimu ya uraia, na kila kijiwe kitume mtu mmoja akajibu swali: lengo kuu la katiba ya nchi ni nini? Tisheti bure, chai na chapati, na bahasha ya nauli hata kwa anayekuja kwa miguu. Kipengele aliitamani Ijumaa hiyo kuliko alivyowahi kutamani Krismasi. Miaka yote kila jembe aliloliuza alilisindikiza na hotuba ya bure, na sasa alikuwa amepata mahali pa kuitolea hotuba hiyo mbele ya watu wenye viti. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: kijiwe lazima kikubali, na kijiwe kile hakijawahi kukubaliana hata leo ni siku gani.

— Mimi ndiye wa kwenda, alisema akipuliza kikombe. Sisemi kwa kujisifu. Hapa mwenye elimu ya katiba ni nani mwingine?

— Elimu ya misumari, alisema Antonia.

— Kaka, hapo unazingua, alidakia Alex.

Alex ni dereva wa watalii, na anaitwa Binokula kwa sababu ile darubini yake haivui shingoni hata kanisani. Alikuwa kijiweni saa hizo kwa kuwa ilikuwa losizoni, msimu wa watalii wachache, na bosi hakuwa na wageni.

— Katiba ni kitu cha kimataifa, aliendelea Binokula. Sisi tunaoshinda na wageni ndio tunaielewa. Angalia. Mgeni akishuka Kilimanjaro anapewa karatasi ya safari: leo Manyara, kesho kreta, kesho kutwa Serengeti. Anatulia. Sasa nchi bila katiba, mgeni atajuaje atalala wapi? Lengo kuu la katiba ni kumtuliza mgeni.

— Na mwenyeji? aliuliza Antonia.

— Mwenyeji anapata tipu. Si wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone?

— Siku hizi ni mgeni njoo mwenyeji asogee, alisema Antonia, akammiminia kahawa nusu kikombe kama adhabu.

Mzee Hhando alikohoa. Huyu ni Mwiraqw wa Rhotia, mkulima wa mahindi na maharage, na jina lake la kijiweni ni Debe, maana kila kitu anakipima kwa debe, hata mahubiri ya padri. Akikohoa watu hunyamaza, kwa heshima ya mvi na kwa hamu ya kucheka.

— Vijana mnatapatapa, alisema Debe. Katiba ni ya kuzikana.

— Ya nini, mzee?

— Ya kuzikana. Mimi katika maisha yangu nimeona katiba tatu. Ya chama cha kuzikana pale Rhotia. Ya kwaya. Na ya kikundi cha akina mama cha kufuga kuku, mke wangu alikuwa mweka hazina mpaka kuku walipokwisha kwa kideri. Zote zinaanza na jina la kikundi, zinaisha na mtu akifa afanyiwe nini. Hata ile ya kuku. Sasa nchi si kikundi kikubwa tu? Lengo kuu ni mwananchi akifa pasikosekane sanduku na debe la maharage.

— Na akiwa hai?

— Akiwa hai anatoa mchango.

Binokula alicheka mpaka darubini ikamgonga kidevuni. Kipengele hakucheka. Alimwona Debe ni mtu wa hatari, kwa kuwa upuuzi wake ulikuwa unaingia akilini, na kijiwe kikianza kuuamini basi Ijumaa mzee ndiye angevaa tisheti.

— Mzee Hhando, kwa heshima zote, alisema. Katiba ni sheria mama. Yaani ndiyo mama wa sheria zote.

— Baba yao nani? aliuliza Antonia.

— Hapana baba. Ni lugha ya kitaalamu.

— Mama asiye na mume ana watoto wote hao, na wewe unaona sawa. Ndiyo maana wengine hawafanani naye kabisa.

— Mama Antonia, usiingize mambo ya uswahilini kwenye katiba ya nchi. Katiba iko Dodoma, imefungiwa ndani ya kabati la chuma. Na haikuwekwa mbali kwa bahati mbaya. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ingekaa karibu ingetuua.

— Kwa hiyo nyoka ndio sisi? aliuliza Debe.

Kipengele alifikiri kidogo, akaona ametumbukia, akavuka.

— Ni mfano tu.

— Mimi nilivyosikia, alisema Binokula, ile ya Dodoma ni fotokopi. Orijino iko London. Halafu kuna Mwingereza mmoja nilimpeleka kreta, mtu mzima kabisa, akaniambia kwao katiba haikuandikwa mahali. Wanaijua tu kichwani.

— Wanazikanaje? aliuliza Debe kwa huruma ya kweli.

Swali hilo liliwachukua muda. Binokula alishikilia kwamba Waingereza hawafi hovyo kama sisi, wanakufa kwa miadi. Antonia akasema kama katiba yao iko kichwani basi wamebarikiwa, maana sisi yetu iko tumboni, tunaikumbuka kunapokuwa na semina. Binokula akaongeza kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndiyo maana watalii wanatembea na kamera zenye mikanda, na hakuna aliyeweza kuona hilo limehusianaje na katiba. Kipengele aliona mkutano unamponyoka. Akasimama, akagonga kikombe na kijiko.

— Waheshimiwa, leo kahawa yote ni juu yangu.

— Hiyo ni rushwa, alisema Debe, akisogeza kikombe chake mbele.

— Siyo rushwa, ni takrima. Kuna kipengele.

— Kilishafutwa, alisema Antonia huku akimimina.

Wakanywa. Kahawa ya bure hulainisha hata mtu wa Rhotia. Debe alisema kwa kuwa yeye miguu inamsumbua, Kipengele aende, ila aikumbuke hoja ya kuzikana. Binokula alisema haina noma, ila tisheti ikiwa kubwa apewe yeye. Kipengele akawaomba wanyooshe mikono ili iwe halali. Mikono miwili ilikuwa imefika usawa wa mabega, na yeye ameshaanza kuipanga hotuba kichwani, alipomwona mwanamke wa Kimasai akivuka lami kuja kwao. Alikuwa amejifunga shuka la bluu, shanga nyeupe shingoni, na mkononi ameshika mpini wa jembe. Mpini mtupu.

Kipengele alimtambua, na moyo wa biashara ukamtangulia.

— Mama, bidhaa ikishatumika hairudishwi. Na jembe langu halivunjiki ovyo, labda ulipiga jiwe.

— Halijavunjika, alisema mwanamke.

— Takwenya, alisalimia Debe, kama mzee anavyomsalimu mama wa Kimasai.

— Iko, aliitikia yeye, akainamisha kichwa kidogo. Halafu akamgeukia mwenye duka, akasema: Shikamoo, Mangi. Mimi Naisenya, wa Endulen. Nilinunua jembe kwako juzi.

Mangi ndivyo wateja wanavyomwita Mchaga yeyote mwenye duka, na Kipengele kwa kawaida hulipenda jina hilo kwa sababu ni la kichifu. Siku hiyo alilisikia kama ameitwa mahakamani. Antonia alimsogezea mgeni mfuko wa saruji, lakini mgeni alibaki amesimama, ameuegemea mpini.

— Ulinipa maneno, aliendelea Naisenya. Nilikuambia ng'ombe wetu wamekwisha na jua, pale lilipokuwa zizi la ndama pako wazi, mbolea ipo, ndama hawapo, nataka nipande mahindi watoto wapate uji. Ukaniambia, mama, chukua jembe. Hii nchi ni yako. Kuna kipengele kwenye katiba, mtu asizuiwe kula jasho lake. Ukaniambia mtu akikuuliza mwambie hivyo.

— Nilisema, alikiri Kipengele, akiwatazama wenzake. Ni kweli kipo.

— Nikapanda gari. Getini askari akaliona jembe. Akaniuliza, mama, hujui humu ndani hakulimwi? Nikamwambia, Mangi wa Karatu amesema katiba inaniruhusu. Akacheka. Akamwita mwenzake, na yeye akacheka. Yule wa pili hakuwa mtu mbaya, alinipa maji. Akagonga mpini chini, jembe likatoka, wakalichukua. Mpini akanirudishia, akasema fimbo si kosa. Akaniambia, mama, hiyo katiba ni ya huko chini, huku juu kuna sheria ya hifadhi. Nikamwuliza, huko chini ni wapi? Akanyoosha kidole akanionyesha Karatu.

Akabadilisha mkono wa kushikia mpini.

— Ndiyo nikashuka tena kuja kuuliza. Katiba inaanzia upande gani wa geti?

Gari la watalii lilipita. Mzungu mmoja aliyetoa kichwa juu ya paa alipunga mkono, na kwa mara ya kwanza tangu siti ile iwekwe hapo hakuna aliyemrudishia.

— Katiba iko nchi nzima, alisema Kipengele. Pande zote.

— Basi kwa nini mimi nimepita na jembe halikupita?

— Kwa sababu kuna sheria nyingine pale. Ndogo. Ile ndogo ni mtoto wa ile kubwa.

— Mtoto amemnyang'anya mama jembe, alisema Naisenya. Hakusema kwa utani. Alikuwa anaelewa tu.

Antonia, ambaye dakika chache zilizopita angeweza kuula mzaha huo mzima mzima, alishughulika na birika lake.

— Labda umuulize huyu, alisema Kipengele, akimwonyesha Binokula. Huyu ndiye anapita getini kila wiki.

— Mimi? Mimi nikifika pale naonyesha vibali vya wageni, napita. Sijawahi kukaguliwa kitu, alisema Binokula.

— Gari lako lina nafasi ya jembe? aliuliza Naisenya.

Binokula aliishika darubini kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya na yeye. Lakini alikuwa na bosi, na mtoto shule ya bweni, na leseni ya kampuni.

— Sista, nikikutwa nalo nimekwisha, alisema kwa sauti ndogo.

— Nimeelewa.

Ikawa zamu ya Debe. Mzee alivua kofia, akaikunjakunja, na safari hii hakukohoa.

— Mama, mimi nitakuambia ninalolijua, na siyo jibu. Kule kwetu wanunuzi wa mahindi wanakuja na madebe mawili. La kununulia wameligonga kwa ndani, limetutumka, linameza. La kuuzia wameligonga kwa nje, limebonyea. Ukiyatazama, yote ni debe. Ukilalamika wanakuambia, mzee, si debe hili? Na kweli ni debe.

— Na wewe unafanyaje?

— Nauza. Nina watoto.

Naisenya aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari za msiba ambao alishausikia. Kipengele alikuwa ameinama. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na wala haikuwa aibu ya kushindwa swali mbele ya watu, hiyo aliizoea. Alijua. Karatu nzima inajua kwamba juu ya geti hakulimwi. Siku ile aliliona shuka, akazisikia habari za zizi la ndama, akajua jembe linakwenda wapi, na bado alilifunga kwenye gazeti na kulitia hotuba, kwa kuwa majembe yalikuwa yanatoka na hotuba haimgharimu kitu. Alinyanyuka, akaingia dukani, akatoka na jembe jipya.

— Chukua hili. Bure.

— Jembe la pili litafika pale pale lilipofika la kwanza, alisema Naisenya. Mimi naomba jibu. Jibu halina chuma, getini hawataliona.

Kipengele alibaki na jembe mkononi. Kwa ukarimu wa mtu aliyebanwa, akaona njia.

— Waheshimiwa, Ijumaa aende huyu mama. Mimi naachia.

Binokula aliuliza atakwenda kujibu nini wakati lengo kuu la katiba halijui. Antonia akamwuliza, na nyinyi mnalijua?

— Ijumaa siwezi, alisema Naisenya. Mvua hii si ya kusubiri semina. Ijumaa napanda.

— Kwa jembe gani, binti yangu? aliuliza Debe.

Aliunyanyua mpini.

— Huu waliniachia. Natoboa shimo, natia punje, nafukia kwa mguu. Kupanda nitapanda. Lakini mahindi yakifika magotini askari wa hifadhi watayaona, watakuja. Siku wanakuja kung'oa, mimi nimesimama pale na watoto, nataka niwe na neno la kuwaambia. Lile lako, Mangi, walilicheka. Ndiyo nikasema nifuate neno jingine.

Akakaa kwenye mfuko wa saruji. Gari la Endulen lilikuwa linaondoka saa tisa, akasema, kwa hiyo wasiharakishe, wafikiri tu. Nao wakafikiri. Kijiwe ambacho kilikuwa na nadharia juu ya kila kitu, toka bei ya sementi mpaka Waingereza wanavyokufa, kilikaa kikitafuta neno moja la mama mmoja kusimama nalo kwenye kishamba kisichozidi ukubwa wa zizi la ndama. Kipengele alilitafuta kuliko wote. Alianza mara kadhaa, "Kuna ki—", akaishia hapo. Antonia alimmiminia mgeni kikombe, akaliinua birika, akaligeuza juu chini. Lilitoa tone, halafu machicha.

— Imekwisha, alisema.

Saa tisa honi ya gari la Endulen ikalia barabarani. Naisenya alinyanyuka, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili.

— Asanteni, wazazi wangu. Mkilipata mnitumie kwa dereva wa Endulen.

— Tutakutumia, alisema Debe, maana mtu hawezi kumwambia mgeni vinginevyo.

Ijumaa Kipengele alikwenda. Tuseme ukweli, alikwenda, na chapati alikula. Zamu yake ilipofika alisimama, akasahau mama wa sheria na kabati la chuma, akauliza katiba inaanzia upande gani wa geti. Mwendesha semina, kijana mtanashati wa mjini, alitabasamu, akasema hilo ni swali zuri sana, akaliandika pembeni ya karatasi kubwa ya ukutani mahali palipoandikwa MASWALI YA KUEGESHA, akaahidi kulirudia baada ya chai. Baada ya chai palikuwa na picha ya pamoja. Kipengele alirudi kijiweni na tisheti nyeupe iliyoandikwa kifuani KATIBA NI YANGU. Binokula aliiomba, akanyimwa.

Haijawahi kuvaliwa. Iko dukani, imetundikwa kwenye msumari juu ya rundo la majembe, imeshika vumbi la barabara mpaka neno YANGU halisomeki vizuri. Ukienda kununua jembe pale, hotuba hakuna tena. Atakuchagulia lililonyooka, atalikaza kwenye mpini, na kabla hajakukabidhi atakuuliza jambo moja tu:

— Unalipeleka upande gani wa geti?